Mtuandikie pia habari za mkemia wa mwarobaini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji ili niseme jambo ambalo limenikaa moyoni kwa muda mrefu. Linahusu mwarobaini, mti ambao gazeti lako, kama yalivyo magazeti mengine ya Kiswahili, huurudia kila baada ya miezi michache katika ukurasa wa afya. Nimezisoma makala hizo kwa miaka mingi, na nyingine nimezikata na kuzihifadhi. Karibu zote huanza kwa kueleza jina la mti, kwamba umeitwa hivyo kwa kuwa unatibu maradhi arobaini, kisha huyataja maradhi hayo moja baada ya jingine, na mwishoni humshauri msomaji achemshe majani. Sijapata kuona hata moja iliyomtaja Salimuzzaman Siddiqui, mkemia aliyeyachukua mafuta ya mti huo, akauliza uchungu wake umetokana na nini hasa, na mwaka 1942 akatoa jibu kwa kutenga ndani yake vitu vitatu vichungu na kuvipa majina. Huyu ni mtu ambaye wasomaji wako, wengi wao wakiwa wanaishi chini ya kivuli cha mti huo, wana haki ya kumjua.

Nieleze kwanza kwa nini jambo hili linanigusa. Nilifundisha kemia katika shule ya sekondari mkoani Tanga kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano, na nje ya maabara yetu palikuwa na miarobaini miwili mikubwa. Mwaka mmoja wanafunzi wa kidato cha tatu waliomba tuitumie katika somo. Tulitwanga majani mabichi katika kinu, tukayaloweka katika spiriti usiku kucha, na asubuhi tukachuja kwa kipande cha kaniki na kuyaweka maji yale ya kijani katika bakuli juu ya sufuria ya maji moto, mbali na moto wenyewe. Spiriti ilipokwisha kugeuka mvuke ukabaki utando mzito wa kijani kilichokolea, unaonata kwenye kijiti kama lami. Sikumruhusu mtu kuuonja kwa sababu spiriti ile ina sumu. Ndipo kijana mmoja, akiwa amekiinua kijiti kile mbele ya dirisha, akaniuliza: “Mwalimu, hapa dawa ni ipi na rangi ya majani ni ipi?” Nilimjibu kwamba kuvitenga kunahitaji vifaa ambavyo hatuna. Jibu hilo lilikuwa la kweli, lakini halikuwa jibu la swali lake. Wakati huo nilikuwa nikiwafundisha habari za wakemia wa Kijerumani, Wöhler na urea yake ya mwaka 1828, na Kekulé na pete yake ya benzini, na sikujua kwamba swali la kijana yule lilikuwa na mwenyewe, aliyeyatolea maisha yake yote maswali ya namna hiyo.

Siddiqui alizaliwa tarehe 19 Oktoba 1897 huko Subeha, katika wilaya ya Barabanki karibu na Lucknow, India ya Kaskazini. Hakuanza na sayansi. Alisoma falsafa na Kiajemi katika chuo cha Aligarh, akahitimu mwaka 1919, na mwaka uliofuata akaenda London kusomea udaktari. Hakukaa sana. Mwaka 1921 alihamia Ujerumani, katika Chuo Kikuu cha Frankfurt, akawa mwanafunzi wa Julius von Braun, mkemia aliyejulikana kwa kazi yake juu ya misombo ya naitrojeni, na hapo akapata shahada ya uzamivu mwaka 1927. Wakati huohuo alikuwa mchoraji wa kweli, si wa kujifurahisha tu, na michoro yake ilionyeshwa hadharani Frankfurt katika miaka hiyohiyo. Nalitaja hili kwa sababu wazazi wengi bado wanaamini kwamba mtoto anayependa kuchora au kusoma mashairi amekwisha kujitenga na maabara.

Aliporudi nyumbani alirudi kwa mwito wa Hakim Ajmal Khan. Katika lugha yao hakim si hakimu wa mahakamani bali ni tabibu, na Ajmal Khan alikuwa tabibu mkuu wa tiba ya Kiyunani, yaani tiba ya kale yenye asili ya Ugiriki, mjini Delhi, mwanasiasa wa kupigania uhuru, na mwanzilishi wa chuo cha tiba za asili ambacho Mahatma Gandhi alikifungua rasmi mwezi wa Februari 1921. Tabibu huyu hakuiogopa kemia. Alitaka dawa ambazo yeye na mababu zake walikuwa wakiwapa wagonjwa zipelekwe maabara, zifunguliwe, na kilichomo ndani kijulikane, kwa hiyo alimtaka Siddiqui aanzishe idara ya utafiti katika chuo hicho. Ajmal Khan alifariki dunia mwishoni mwa Desemba 1927, kabla kazi aliyoitamani haijazaa lolote.

Dawa ambayo Siddiqui aliishughulikia kwanza ilikuwa mizizi ya kichaka kinachoitwa na wanasayansi Rauwolfia serpentina. Kule Bihar watu waliiita pagal-ki-dawa, yaani dawa ya wazimu, na msomaji wa Kiswahili ataona kwamba neno dawa ni letu na ni lao pia, kwa kuwa sote tulilipata kutoka kwa Waarabu. Siddiqui na mwenzake Rafat Husain Siddiqui waliitoa mizizi hiyo kwa alkoholi, wakaipitisha katika asidi na besi, wakachuja, wakayeyusha na kugandisha tena na tena, mpaka mwaka 1931 wakatangaza alkaloidi tano, yaani vitu vyenye naitrojeni vinavyotengenezwa na mimea. Tatu zilikuwa fuwele nyeupe, besi dhaifu. Mbili zilikuwa fuwele za manjano, besi zenye nguvu zaidi. Zile za manjano walizipa majina kutokana na jina la mmea, serpentini na serpentinini. Zile nyeupe walizipa jina la yule tabibu aliyekwisha kufariki: ajmalini, ajmalinini na ajmalisini.

Naomba msomaji asimame kidogo hapa. Mwaka 1931 hapakuwa na mashine ya kumwonyesha mkemia umbo la molekuli. Alichokuwa nacho ni mizani, kipimajoto, tanuri la kuunguzia chembe chache za unga ili kupima kaboni na hidrojeni yake, na macho yake mwenyewe. Kitu kikiyeyuka kwa joto lilelile kila mara, baada ya kugandishwa mara tatu au nne kutoka katika viyeyushi tofauti, hapo ndipo mkemia huthubutu kusema kwamba ameshika kitu kimoja na si mchanganyiko. Nimewahi kugandisha vitu darasani, na najua jinsi mtu anavyokata tamaa fuwele zinapokataa kutokea na chupa ikabaki na tope. Kuzipata tano tofauti kutoka katika mzizi mmoja, katika chuo cha tiba za asili ambacho idara yake ya utafiti ndiyo kwanza ilikuwa imeanza, ni kazi ambayo ingempa sifa mkemia yeyote wa Berlin au London.

Mmea huo una ndugu yake hapa kwetu. Mti wa msesewe, ambao gome lake Wachaga hulitia katika mbege ili ipate uchungu wake, ni Rauvolfia caffra, wa jenasi hiyohiyo moja, yaani ukoo mmoja wa mimea. Mkilimanjaro anayeonja mbege na kusema imekolea msesewe anaonja jamaa wa mti aliouchunguza Siddiqui, na sidhani kama kuna kitabu cha kemia cha shule kinachomwambia hivyo.

Hata hivyo umaarufu wa mzizi ule ulikwenda kwingine. Mwaka huohuo wa 1931 madaktari wawili wa Kihindi, Gananath Sen na Kartick Chandra Bose, waliandika kwamba mzizi huo unashusha shinikizo la damu na kuwatuliza wagonjwa wa akili, lakini zile fuwele tano hazikutosha kueleza utulivu huo. Nguvu yenyewe ilikuwa imejificha katika utomvu mzito uliobaki baada ya fuwele kuondolewa. Mwaka 1952 wakemia wa kampuni ya Ciba mjini Basel, Uswisi, waliitoa humo alkaloidi ya resepini, ambayo ikawa dawa ya shinikizo la damu iliyoenea duniani kote, na tangu hapo wengi wanaosimulia habari za mzizi huo huanzia Basel. Sioni kwamba hilo linampunguzia Siddiqui heshima. Ajmalini yake ilimshughulisha Robert Robinson wa Uingereza, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1947, aliyechapisha utafiti juu ya umbo lake mwaka 1954, na hadi leo madaktari wa moyo huidunga kwenye mshipa, kwa uangalifu mkubwa na mgonjwa akiwa ameunganishwa na mashine ya kupima umeme wa moyo, ili kuufichua ugonjwa wa Brugada, ambao huweza kumuua ghafla mtu anayeonekana mzima kabisa. Kila kipimo hicho kinapofanyika, jina la tabibu wa Delhi hutajwa na watu wasiojua kwamba ni jina la mtu.

Sasa nirudi kwenye mwarobaini. Siddiqui alijiunga na Baraza la Utafiti wa Kisayansi na Viwanda la India mwaka 1940, na miaka miwili baadaye akachapisha taarifa fupi juu ya mafuta ya mbegu za mti huo, ambao kwao huitwa nim. Njia yake inaweza kuelezwa hata kwa mtu asiyesoma kemia. Kila mama wa nyumbani anajua kwamba doa la mafuta halitoki kwa maji matupu lakini hutoka kwa petroli, kwa sababu kila kitu kina maji yake kinayokubali kuyeyukia. Siddiqui aliyatumia maarifa hayo kwa nidhamu: aliyapitisha mafuta yale katika etha, katika etha ya petroli, katika esta iitwayo ethili aseteti na katika alkoholi iliyozimuliwa kwa maji, na kila kiyeyushi kikabeba kile kilichokikubali na kukiacha kingine. Mwishoni alikuwa na vitu vitatu, akaviita nimbini, nimbinini na nimbidini. Umbo kamili la molekuli ya nimbini, yenye atomi 30 za kaboni, 36 za hidrojeni na 9 za oksijeni, lilikuja kufahamika katika miaka ya 1960, vyombo vya kupimia vilipokuwa bora zaidi. Mlango alikuwa amekwisha kuufungua yeye.

Mwaka 1951 alihamia Pakistan kwa mwaliko wa Waziri Mkuu Liaquat Ali Khan, na mwaka 1953 akaasisi Baraza la Utafiti wa Kisayansi na Viwanda la nchi hiyo, lililokuwa na makao yake Karachi na maabara nyingine Dhaka (ambayo sasa iko Bangladesh), Lahore na Peshawar. Mwaka 1961 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London, chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza. Kazi za uongozi sitazieleza kirefu, kwa maana vyeo vya namna hiyo hufanana kila mahali. Ninachokistaajabia ni kilichofuata. Alistaafu mwaka 1966, na mwaka uliofuata, akiwa anaukaribia umri wa miaka sabini, alikubali kuanzisha taasisi ya uzamili ya kemia katika Chuo Kikuu cha Karachi. Taasisi hiyo ilipanuliwa baadaye kwa mchango wa familia ya wafanyabiashara na kupewa jina la Husein Ebrahim Jamal, na leo ni miongoni mwa vituo vinavyoheshimika sana katika kemia ya mimea. Aliiongoza mpaka mwaka 1990, na hata baada ya kuuacha uongozi hakuiacha kazi ya maabara. Mwarobaini ulikuwa umerudi mezani kwake uzeeni, na yeye na wanafunzi wake waliendelea kutoa katika majani, matunda na magome yake vitu vipya kimoja baada ya kingine. Alifariki dunia Karachi tarehe 14 Aprili 1994, akiwa na umri wa miaka 96.

Wengine waliingia katika mlango ule kwa sababu ya nzige. Mwaka 1959 mtaalamu wa wadudu wa Kijerumani, Heinrich Schmutterer, aliona nchini Sudan kwamba nzige walipokuwa wamekula kila jani, miarobaini ilibaki na majani yake. Mwaka 1968 Butterworth na Morgan, nchini Uingereza, walitenga katika mbegu kitu kinachomfanya nzige akatae kula, wakakiita azadiraktini. Umbo lake lilijulikana sawasawa mwaka 1985, na kukitengeneza kutoka mwanzo katika maabara kulimchukua Steven Ley na wenzake wa Cambridge miaka 22, mpaka mwaka 2007. Mkulima wetu anayechanganya majani makavu ya mwarobaini na mahindi ili kuwafukuza dumuzi anatumia ghalani mwake kile ambacho wakemia hodari walikitolea miongo miwili ya kazi.

Ndugu Mhariri, sikuandika haya ili kuzibeza makala zenu za tiba. Mimi mwenyewe nimelelewa kwa kufukizwa majani ya mwarobaini chini ya blanketi kila homa iliponipata, na mswaki wangu wa kwanza ulikuwa kijiti chake. Lakini makala inayosema mti unatibu maradhi arobaini bila kusema ndani yake mna nini humwacha msomaji bila kinga. Majani si mbegu, na mbegu si gome. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia walitoa taarifa juu ya watoto wadogo waliodhurika vibaya, na wengine kufa, baada ya kunyweshwa mafuta ya mbegu za mti huuhuu kama dawa ya nyumbani. Mama anayesoma gazeti lako akiwa na mtoto mchanga mapajani anahitaji kuambiwa hilo kwa maneno yaleyale ya wazi yanayotumika kumsifia mti. Na hapo ndipo ilipo thamani ya watu kama Siddiqui, kwa sababu bila kujua ni kitu gani kimo ndani, na kwa kiasi gani, hakuna anayeweza kusema kipimo hiki kinafaa na kile kinaua.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Mtakapourudia mwarobaini, kama najua mtakavyourudia msimu wa mvua za masika utakapoleta malaria, mpeni mkemia huyu nusu ukurasa. Msianze na Frankfurt wala na London. Anzeni na tabibu wa Delhi aliyeomba dawa zake zichunguzwe, kwa kuwa waganga wetu wengi bado wanaiona maabara kama mwizi anayekuja kuwanyang’anya, na wasomi wetu wengi bado wanamwona mganga kama mtu asiye na la kuwafundisha. Ajmal Khan na Siddiqui walikaa meza moja, kila mmoja akiwa na ujuzi wake, na matokeo yake ni hizo fuwele. Waandishi wenu wana uwezo wa kuieleza kazi hiyo kwa Kiswahili. Nimejaribu hapa, mimi nisiye mwandishi, na lugha haikunipungukia.

Kijana aliyeniuliza lile swali ni mtu mzima sasa, na pengine ni msomaji wako. Kama ataiona barua hii, ningependa apate jibu ambalo sikuweza kumpa siku ile. Ule ukijani kwenye kijiti ulikuwa klorofili, nao si dawa. Unata wake ulikuwa nta, mafuta na utomvu wa jani. Uchungu wenyewe haukuwa kitu kimoja bali jamii nzima ya vitu, na kiasi chake katika utando ule kilikuwa kidogo mno kuonekana kwa macho. Tungeongeza maji kidogo katika ile spiriti kabla ya kuikausha, tukaitikisa ndani ya chupa pamoja na etha ya petroli, kisha tukaiacha itulie, sehemu kubwa ya rangi na mafuta ingepanda juu pamoja na etha ile, na uchungu ungebaki chini. Hatua hiyo ya kwanza ingewezekana hata katika maabara yetu, juu ya meza ileile, karibu na dirisha lile.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa kemia,
Tanga